Basenji: mbwa aliyebeba tusi letu mpaka Ulaya

Wapendwa wahitimu, salamu toka Kasumbalesa, mahali ambapo vumbi la makamyo halijui siku ya Mungu.

Wengi wenu mnanijua. Nilisoma historia Lubumbashi miaka mitano, nikaandika kazi ya mwisho, nikavaa toga, na leo napanga karatasi za dwani hapa mpakani. Silalamiki. Mpaka nao ni maktaba, ila vitabu vyake vinapita vikiwa na magurudumu. Hii ninayowaandikia leo ilianza na karatasi moja ya namna hiyo.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Foleni ya makamyo ya shaba ilikuwa imesimama kama kawaida. Gari dogo likaja toka upande wa Zambia, ndani baba mmoja wa Lubumbashi na mke wake, na nyuma kisanduku cha plastiki chenye matundu. Mle ndani kulikuwa na mbwa mdogo mwekundu, kifua cheupe, miguu myeupe kama amevaa soksi, masikio yamesimama, paji la uso limejaa mikunjo kama mzee anayefikiria deni, na mkia umejikunja juu ya mgongo. Alikuwa ametoka Afrika Kusini. Alitutazama wote bila kusema neno.

Vijana wanaosukuma mizigo wakakusanyika. Mmoja akasema: "Yaya, lakini hii imbwa si njo zile ziko chini ya makamyo pale?"

Yule baba akakasirika kidogo. "Hapana, mdogo. Hii ni ya karatasi. Hii ni basenji."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. "Basenji? Kumbe ni sisi!"

Mimi nilicheka nao. Halafu nikafungua bahasha. Kulikuwa na kitabu cha chanjo, cheti cha afya, na karatasi ya ukoo yenye majina ya baba, mama, mababu na mabibi wa yule mbwa, mstari kwa mstari. Chini imeandikwa aina: Basenji. Asili ya aina: Afrika ya Kati. Mzee mmoja wa ofisi ya jirani, ambaye amezeeka na mpaka huu, aliisoma juu ya bega langu akauliza: "Sasa kama asili yake ni huku, hii imbwa inaingia ao inarudia?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala mapema. Nilirudia daftari zangu za zamani, nikatafuta na mengine, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na neno. Pwani ya bahari ya Hindi, mshenzi alikuwa mtu wa bara: asiyekaa mjini, asiyejua dini ya mjini, asiyevaa kama watu wa mjini. Kinyume chake kilikuwa ustaarabu, na mnaona wenyewe neno Arabu limekaa katikati humo. Misafara ya pembe, shaba na watumwa ikaleta neno hilo bara. Katanga ya Msiri, ambaye mwenyewe alitoka upande wa mashariki ya ziwa Tanganyika, ilikuwa ikifanya biashara na pwani kabla ya Msiri kuuawa Bunkeya mwezi wa 12 mwaka 1891. Baadaye ikaja Union Minière mwaka 1906, mji wa Elisabethville mwaka 1910, kambi za wafanyakazi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Vinywani mwetu *wa-* ikawa *ba-*, washenzi wakawa basenji. Mmoja ni musenji, wengi ni basenji.

Wabelgiji walilikuta neno likiwa tayari, wakalipenda. Wakaligawa taifa pande mbili: huku *evoluwe*, yaani mwenye kuendelea, kule basenji. Mwaka 1948 wakaanzisha kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 sheria ya kuandikishwa, ili mtu mweusi aweze kuthibitisha kwa karatasi kwamba ametoka upande wa pili. Mwombaji alichunguzwa. Watu wa tume walikuwa wanaweza kuingia nyumbani, kuangalia familia inakula wapi na kwa nini, kama kuna uma na kisu, kama bibi anakaa mezani pamoja na bwana, kama watoto wanavaa, kama choo ni safi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa boyi wa nyumba moja ya wazungu mjini. Aliiomba kadi. Walikuja, wakatazama jiko, wakatazama kitanda, wakaandika, wakaenda. Jibu lilikuwa hapana. Hakuambiwa sababu. Babu alisimulia jambo hili mara chache sana, na kila mara alimaliza na kitu kimoja: bibi wa ile nyumba alikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya, na kazi ya kwanza ya babu kila asubuhi ilikuwa kumchemshia yule mbwa nyama ya ng'ombe, kuipoza, kuikata vipande vidogo. Nyumbani kwake kule cité walikula unga wa posho. Babu hakuichukia ile imbwa. Alisema ilikuwa na tabia nzuri. Alilolichukia ni kwamba imbwa ilikuwa na kitabu chake cha veterineri, chenye jina na tarehe ya kuzaliwa, na yeye akabaki musenji.

Sasa turudi kwa mbwa wetu, kwa sababu wakati huohuo alikuwa anapanda meli.

Wazungu walimwona zamani. Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyetembea nchi ya Wazande kati ya 1868 na 1871, aliandika juu ya mbwa wadogo wa kule wenye mikia iliyojikunja na kengele za mbao shingoni. Kengele ile ina maana yake. Mbwa huyu habweki. Akiingia kwenye majani marefu kufukuza mnyama, mwindaji hawezi kumfuata kwa sauti, kwa hiyo anamfunga kengele. Wawindaji wa msitu wa Ituri nao wanafanya hivyo, mbwa anasukuma wanyama kwenye nyavu na kengele inasema yuko wapi.

Mwaka 1895 wawili walionyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts. Watu walishangaa, na mbwa wakafa muda mfupi baadaye. Kilichowaua ni virusi ambavyo maveterineri wetu wanaviita ugonjwa wa Carré, na Waingereza distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alichukua sita toka kusini ya Sudani, akawapeleka Uingereza, wakamaliza karantini, na wote wakafa baada ya kuchomwa chanjo ya ugonjwa uleule. Mwaka 1936 Olivia Burn, mwanamke Mwingereza aliyekuwa ameishi Kongo ya Wabelgiji, alifanikiwa. Mwaka 1937 aliwapeleka Crufts, watu wakasongamana kuwaona. Ni wakati huo ndipo jina Basenji lilipotua juu yao. Kabla ya hapo waliitwa mbwa wa msituni, mbwa wa Kongo, mbwa wa Zande, kila mtu na lake.

Kwa nini Basenji? Huku mtu wa mjini alikuwa akisema imbwa ya basenji, yaani mbwa wa wale watu wa vijijini. Mzungu akasikia, akakata nusu ya kwanza, akabaki na nusu ya pili. Leo vitabu vingi vya wafugaji vinafasiri jina kuwa "kitu kidogo cha porini", maneno matamu, kama jina la sabuni. Tusi limeoshwa, halifahamiki tena. Na sarufi nayo ikafa njiani: mbwa mmoja anaitwa kwa wingi. Wenzetu wa idara ya lugha mtanisaidia kulia.

Kuna kichekesho kingine ambacho lazima niwaambie. Wafugaji wa Marekani wameandika miaka mingi kwamba Waafrika wanamwita *m'bwa m'kube m'bwa wamwitu*, na kwamba maana yake ni "mbwa anayeruka juu na chini". Someni tena polepole. Ninyi mnaosema Kiswahili mmeona pale mwishoni "mbwa wa mwitu", na labda "mbwa mkubwa" pale mwanzo. Hakuna kuruka hapo! Mtu alisikia, akaandika, akatunga maana, na hakuna aliyerudi kuuliza hata mpishi wa Kasumbalesa.

Amerika ilimpata kwa njia hiyohiyo ya kufa na kupona. Familia ya kwanza iliyofika New York mwaka 1937 ilikufa karibu yote, akabaki dume mmoja aliyeitwa Bois. Mwaka 1941 jike mmoja aliyekonda alipatikana Boston ndani ya meli ya mizigo iliyotoka Afrika Magharibi. Hakuwa na tikiti wala karatasi. Wakampa jina Congo, wakamkutanisha na Bois. Kufikia 1944 chama cha mbwa cha Marekani kilikuwa kimeshaikubali aina yake na kufungua kitabu chake. Mnaelewa, bandugu? Mwaka 1944 imbwa yetu imeandikishwa. Sheria ya kumwandikisha babu yangu ilikuja 1952, na hata hivyo alianguka mtihani.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lina makao yake Thuin, Ubelgiji. Kwenye kanuni yake namba 43, Basenji ameandikwa hivi: asili, Afrika ya Kati, nchi mlezi, Uingereza. Yaani sisi tulizaa, mwingine ndiye anayesema mtoto awe na urefu gani na rangi gani. Na kundi alilowekwa, kundi la 5, ni la mbwa aina ya spitz na "aina za kale", ila neno la Kifaransa ni *primitif*, na kila aliyesoma shule za huku analijua neno hilo linanuka nini. Basenji kwa jina, basenji kwa kundi.

Wengine wanamtetea kwa kusema yumo kwenye michoro ya makaburi ya Misri. Ni kweli Misri ya kale ilichora mbwa wenye masikio yaliyosimama na mikia iliyojikunja. Ila mimi nimechoka na tabia hii: kitu cha Kongo hakiheshimiwi mpaka kipitie kwa Farao. Utafiti wa jeni uliotoka mwaka 2004 ulimweka Basenji kati ya aina zilizo karibu na shina la mbwa wote. Hiyo inatosha. Wawindaji waliomchagua kizazi baada ya kizazi walikuwa Wazande, Wambuti na majirani zao, na kazi yao inaonekana mwilini mwake.

Tuutazame huo mwili basi, maana yule baba wa mpakani aliniuliza mambo mengi na sikuwa na jibu siku ile. Dume ana urefu wa kama sentimita 43 begani na uzito wa kilo 11, jike amepungua kidogo. Ni mbwa wa kukaa na watu ndani ya nyumba bila kuwachosha. Nywele ni fupi, hanuki, anajilamba na kujisafisha kama paka. Habweki mfululizo, lakini msidanganyike kwamba ni bubu. Akifurahi anatoa sauti ya kupanda na kushuka, kati ya wimbo na kilio, na akiachwa peke yake anaweza kupiga yowe ambalo majirani watafikiri kuna msiba. Jike anapata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi wanapata mara mbili. Anashika mafunzo haraka, halafu anafikiria kama anataka kuyafuata.

Kumtunza si bei ghali, ni kazi ya akili. Aliumbwa kukimbia na kuwinda kwa macho na pua pamoja. Ukimfungia kwenye parsele siku nzima, atakula viatu, godoro, na ukuta ukikubali. Anapanda uzio. Akiona kuku au paka amekimbia, masikio yanafungwa, na barabara yenye makamyo haioni kabisa. Kwa hiyo kamba ni lazima, matembezi ni kila siku, na baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 ya huku Katanga inamsumbua, apewe mahali pakavu pa kulala. Kitu kizuri kimoja tu: kumwosha na kumchana nywele ni dakika chache.

Ila kuna jambo zito, na hapa historia inaingia ndani ya damu. Mbwa waliofika Ulaya na Amerika wakiwa hai walikuwa wachache mno. Karibu ukoo wote wa huko ulitoka kwa hao wachache, ndugu wakazaa na ndugu. Miaka ikapita, magonjwa yaliyofichika yakatokea. Kwanza upungufu wa damu wa kurithi, ambao wafugaji waliupunguza sana kwa kupima mbwa kabla ya kuwazalisha. Halafu ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi. Figo zinaacha sukari, chumvi na viini vya protini vipotee kwenye mkojo. Mara nyingi mbwa ameshafika umri wa miaka minne mpaka minane, anaonekana mzima, ghafla anakunywa maji bila kukoma na kukojoa bila kukoma. Veterineri asiyeujua anaona sukari kwenye mkojo, anasema kisukari, anampa dawa ya kisukari, na hapo anaweza kumuua, kwa sababu sukari ya damu iko sawa. Wenye basenji walizoea kuchovya kikaratasi cha kupimia kwenye mkojo kila mwezi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walitoa kipimo cha jeni, na mwaka 2011 kikaja kilicho sahihi zaidi.

Na mnajua walitafuta dawa ya ukoo wapi? Mwaka 1959 mfugaji Mwingereza Veronica Tudor-Williams alikwenda kusini ya Sudani, akachukua jike aliyeitwa Fula, na leo damu yake imo kwa mbwa wengi sana. Halafu mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikuja kwetu, Zaire ile ya Mobutu, wakaenda kaskazini mashariki, kijiji kwa kijiji, wakachagua mbwa, wakaondoka nao. Kati yao kulikuwa na wenye milia kama chui-milia, rangi ambayo wao hawakuwa nayo tena. Mwaka 1990 kitabu cha Marekani, kilichokuwa kimefungwa, kikafunguliwa ili wale wapya waandikwe. Damu ya vijijini ikaenda kuwaponya wenye karatasi.

Nasema hivyo bila kuwashutumu. Bila wale wanawake wa Kiingereza na ukaidi wao, jina lisingekuwepo hata la kubishania. Ninachokiona ni kwamba mbwa wetu wa chini ya makamyo hawana mfugaji, hawana kipimo, na wengi hawana hata chanjo ya kwanza. Wote si basenji, msiniweke maneno mdomoni. Mpaka huu umechanganya mbwa wa kila nchi, na basenji safi ni wa kaskazini zaidi kuliko wa Katanga. Lakini ugonjwa wa Carré unaua watoto wao hapa kama ulivyoua wale wa 1895. Na kichaa cha mbwa kinaua watoto wetu. Ukiumwa na mbwa hapa, kwanza osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu kimbilia chanjo siku ileile; dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Hili nimeliandika kwa sababu mwaka jana mtoto wa jirani aliumwa na watu wakaanza kumtafutia majani.

Kuna kitu nimekificha mpaka hapa. Wiki moja kabla ya yule mbwa kufika, kijana mmoja aliyetoka kijijini, mpya kabisa kwa kazi yetu, alichanganya karatasi za makamyo mawili. Tulipoteza siku nzima. Nilimwambia mbele ya watu: "We musenji kweli!" Alinyamaza. Mimi, mjukuu wa yule mwombaji wa kadi, nilikuwa nimevaa shati nyeupe na kalamu mfukoni, nimesimama mahali hasa pa yule mtu wa tume. Na katika wale vijana waliocheka mbele ya kisanduku, ni yeye aliyesema, "Kumbe ni sisi!" Alisema akinitazama mimi.

Nilimwomba samahani siku ya pili yake, nyuma ya ofisi. Akasema, "Hakuna shida, mukubwa," kwa namna ile ya kusema hakuna shida.

Yule mbwa alipita salama. Kwenye fomu kuna mahali pawili tu, kuingiza na kutoa, hakuna mahali pa kurudia. Nikaweka alama kwenye kuingiza, nikapiga saini, baba akalipa, akawasha gari. Wakati wa kuondoka yule mbwa alitoa ile sauti yake, ndefu, ikipanda na kushuka. Chini ya kamyo la tatu kwenye foleni, mbwa wawili wekundu waliokuwa wamelala kwenye kivuli waliinua vichwa, wakasimama, wakalifuata gari mpaka kwenye kizuizi.